Mchana Nilipomficha Safi

Juzi, katika wodi ya watoto, nilimwona mwanamke akishika rozari huku jirani yake akivuta tasbihi, nikakumbuka mchana mmoja nyumbani kwetu, kwenye nyumba za polisi kule Nateete.

Mdogo wangu Safi alikuwa na homa kali, hata kunyonya alishindwa. Chumba kilinukia ubani na mafuta ya taa. Baba, Mwislamu wa kaskazini, alisoma dua kwa sauti ya chini. Mama, Mkatoliki, alisali rozari. Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani aliyeokoka, alikemea ugonjwa mpaka mabati yakavuma.

Sasa najua walikuwa wakiomba jambo moja. Siku ile niliamini kwamba wameita miungu watatu, na kwamba atakayeshinda ataondoka na mtoto.

Walipofumba macho, nilimbeba Safi nikajificha naye jikoni, nyuma ya gunia la makaa. Mwili wake uliniunguza kifua. Mara Mama akapiga yowe, "Mtoto yuko wapi?"

Baba ndiye aliyetuona.

"Zubeda, unafanya nini?"

"Mungu zenu tatu zitamchukua, Baba."

Alipiga magoti kwenye majivu. "Mungu ni moja tu, mwanangu. Sisi ndio tuko mingi. Lete mtoto, twende hospitali."

Tulikwenda sote. Baada ya sindano tulingoja muda mrefu. Hatimaye Safi alifungua macho, akanyonya.

"Amina," walisema wote watatu, kwa pamoja.