Nilivyoupa Mwongozo wa Kakuma Saba kwa Saba

Nyinyi mnaonicheka pale stendi ya Lodwar, chekeni tu, ni haki yenu, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile hujifunika shuka uso mzima, na joto la hapa mnalijua.

Yote yalianza na mwiba wa mti wa mathenge. Ulinichoma mguuni nikiuza mitumba Kakuma (mwiba wenyewe mrefu kama mkuki, msibishe), nikaupuuza, mguu ukavimba kama gunia la mahindi, nikaanza kutetemeka na kupiga gumzo na marehemu babu. Zahanati ikasema ni sepsisi, yaani kidonda kimeuchokoza mwili mpaka mwili unajipiga wenyewe. Aliyeniokoa ni Sista Nakiru. Alinishika mkono akaniambia, "Ekai, usilale, nihesabie mbuzi wa baba yako," nami nikahesabu mbuzi ambao baba hajawahi kuwa nao. Nikapona, nikarudi Lodwar, lakini sehemu yangu moja ilibaki zahanati, kwenye kitanda changu cha dirishani.

Basi juzi juzi madaktari wa hapa Lodwar wakaamua kukagua miongozo ya kutibu sepsisi, kwa sababu kila hospitali ina mwongozo wake na yote haipatani. Wakataka na mgonjwa mmoja aliyepona, anayejua kusoma. Nani tena? Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, cheti kimetundikwa juu ya kitanda! Tukapewa miongozo mitatu, kila mtu aipime peke yake bila kuulizana, alama moja hadi saba kwa kila swali, na sababu chini yake.

Nikasikia Nakiru naye ni mpimaji. Tangu nipone sikuwa nimemwona. Gari la Kakuma likipiga honi tu, natoka nje kama niliyeitwa. Sasa nikaukuta mwongozo wa zahanati yake, na hapo ndipo nilipopotea: sikuusoma hata ukurasa mmoja. Nikaujaza saba, saba, saba mpaka chini, na penye sababu nikaandika, "Mwongozo huu una sauti tamu na mkono wenye joto." (Nilidhani karatasi zile zinafungiwa kabatini.)

Siku ya kikao Nakiru akaingia, vumbi la barabara bado kwenye viatu. Hata "ejok" yangu ya kumsalimia ilitoka kama mlio wa mwanambuzi. Daktari mwenyekiti akawasha mashine, alama zetu zikatokea ukutani, kubwa kama mabango ya kampeni. Mimi saba. Nakiru mbili.

"Bwana Ekai," daktari akasema, "swali hili linauliza kama mwongozo unataja nani aliwalipa walioandika. Hautaji popote. Saba umeitoa wapi?"

"Daktari, nilihisi tu ni watu waaminifu."

Akaisoma ile sababu yangu, kwa sauti. Chumba kikalipuka. Lomuria, mfamasia, akapiga meza: "Ekai, wewe ulipima mwongozo au ulipima sista?"

Nakiru hakucheka. "Hapa mwongozo unasema dawa ianze ndani ya saa moja," akasema. "Mbele kidogo unasema ningoje majibu ya damu, na damu tunaituma huku Lodwar." Akanigeukia. "Ekai, siku ile ningeufuata huu wako wa saba, ungekufa. Kesho ataletwa mgonjwa mwingine, na sista mgeni ataufuata."

Kicheko kikakauka, changu cha kujikaza kikiwa cha kwanza. Daktari akaniruhusu nibadilishe alama, nikaomba kwanza niusome, na nikausoma mpaka jua likageuka, kidole kwenye mstari kama kwa mwalimu wangu wa jioni. Nikatoka na mbili. Nilipotaka kuifuta ile sababu, Nakiru akaizuia kalamu.

"Hiyo acha. Ila kaiandike mahali pake."

Akapanda gari la Kakuma kabla sijamuuliza mahali pake ni wapi.

Nimeapa: wakiniita tena kupima chochote kilichopita mikononi mwa yule dada, hata maji ya kunywa, nitasema naumwa. Na wakiniuliza nipelekwe zahanati gani, sitajifanya sijui.