Mpiga Ngoma Chini ya Masale

Baba mdogo alinitumia ujumbe mfupi wa sauti: "Fundi anaanza ukuta Jumatatu. Masale yote yanang'olewa. Kama una kitu chako huko uani, njoo ukichukue." Alimaanisha baiskeli yangu mbovu iliyoegemea banda la kuku tangu nilipokwenda chuo. Lakini nilibaki na simu mkononi, kwa sababu nilikuwa na kitu kingine huko uani, na alikuwa hajui.

Ndugu yangu, nikikwambia ni nini utacheka. Ni kimtu cha plastiki, kirefu kama kidole changu cha kati, kinachopiga ngoma. Nilikizika mwenyewe nikiwa darasa la nne, chini ya masale ya bibi, na tangu siku hiyo sijawahi kuthubutu kukifukua. Nimesoma takwimu miaka mitatu. Ninaweza kukuonyesha ubaoni kwamba jambo moja kulifuata jingine si ushahidi kwamba moja limesababisha jingine. Hata hivyo nilipanda basi la alfajiri kwenda Arusha nikiwa na hofu ileile ya darasa la nne.

Nyumba ya bibi iko Sekei. Wakati ule ilikuwa na kibaraza cha saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na kilichoizunguka hakikuwa ukuta bali masale, yale majani marefu ya kijani ambayo bibi alileta vipande vyake kutoka Machame akiwa bibi harusi, akavichomeka, vikawa ua. Mlima Meru ukiwa umevua wingu asubuhi, tuliuona juu ya majani hayo kama mtu anayechungulia. Kibaraza kilinukia mafuta ya taa, sabuni ya kipande na kahawa mbichi ambayo bibi alikuwa anaianika kwenye turubai. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku wasiikanyage. Kazi hiyo niliifanya vibaya sana, kwa sababu Jumamosi kibaraza kiligeuka uwanja wa vita.

Vita vilikuwa mali ya rafiki yangu wa nyumba ya tatu. Mama yake alifanya usafi kwa familia ya wageni huko Njiro, na wageni hao walipohama walimwachia vitu ambavyo havikuingia kwenye masanduku yao: mapazia, sufuria, na bati la biskuti lililojaa watu. Ndivyo tulivyowaita, watu. Wenye mikuki, wenye mapanga, mifupa inayotembea, bibi kizee mwenye fimbo, dubu aliyevaa chuma, joka moja lenye bawa lililovunjika. Kila mmoja alisimama juu ya kisahani cheusi chenye namba ndogo chini yake. Na wote walikuwa wamekuja na rangi zao tangu kiwandani. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko joka. Nani alikaa akapaka nyusi nyembamba kuliko unywele? Alipaka ngapi kwa siku? Alichoka? Jibu lilikuwa wazi ukichunguza, maana wengine walipakwa na mtu aliyechoka kweli. Dubu alikuwa na rangi ya fedha hadi kwenye ulimi. Mpiga ngoma, mwenye joho jekundu na pembe za kondoo zilizojikunja, jicho lake la kushoto lilikosewa, likashuka hadi shavuni. Popote ulipokaa, jicho lile lilikuwa linakuangalia.

Kitabu cha sheria hakikuja na bati. Kwa hiyo sheria tulitunga, na mimi nilikuwa balaa kwenye sheria. Kwa nini dubu aende hatua nyingi kuliko mwenye farasi? Kwa nini joka lenye bawa moja liruke?

"Kwa sababu bati ni langu," rafiki yangu alikuwa ananijibu. "Wewe Mchaga, hata vitani unataka risiti!"

"Na wewe Mwarusha unadhani kila kitu ni ng'ombe, unafukuza tu kwa fimbo."

Tulipima hatua kwa kamba ya kiatu yenye mafundo. Tulirusha dadu ya ludo. Kinu cha bibi kilikuwa ngome, kokwa za kahawa zilikuwa mawe, na kuku akipita lilikuwa tetemeko la ardhi, hakuna kulalamika. Watu wale walikuwa wa plastiki laini, na mikuki ilipinda kama tambi. Tuligundua kwamba ukichovya mkuki kwenye maji ya moto, ukaunyoosha, kisha ukautia kwenye maji ya baridi, unasimama wima tena. Siku moja bibi alinifuma jikoni nikichovya mifupa kwenye maji yake ya chai. "Unapika nini, mjukuu wangu?" Nikasema supu. Alicheka hadi akashika mlango.

Sheria moja tu hatukubishania. Anayeshinda anachagua mahabusu mmoja wa upande wa pili, anakwenda naye nyumbani, na Jumamosi inayofuata lazima amrudishe akiwa hai. Kwa kuwa watu wote walikuwa wa rafiki yangu, kwake kila mahabusu alikuwa dhamana ya kweli. Alikuwa ananipa mkononi mwangu polepole, kama mtu anayemkabidhi mwingine yai.

Jumamosi moja nilishinda, nikamchagua mpiga ngoma.

Jumapili, bibi alirudi kutoka kanisani akitetemeka. Jumatatu hakuamka kuwasha moto. Kikohozi chake kilisikika hadi barabarani, na baba mdogo akampeleka zahanati akachomwa sindano, akarudishwa na vidonge na maelekezo ya kurudi kwa sindano nyingine. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni mwa chumba chake nikisikiliza. Wazazi wangu walikuwa mbali, kikazi. Bibi ndiye aliyekuwa dunia yangu nzima.

Jumatano walikuja akina mama wa maombi. Waliimba taratibu, wakaomba, na mmoja wao, jirani yetu wa upande wa juu, alipofumbua macho akamwona mpiga ngoma dirishani, mahali nilipomsimamisha ili apate hewa.

"Hiki chenye pembe ni cha nani humu ndani?" akauliza.

"Ni mchezo wa mtoto," baba mdogo akasema.

"Mchezo! Baba, mama anaumwa tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

"Na hiki kiliingia lini?"

Mimi nilipiga hesabu. Jumamosi. Kiliingia Jumamosi.

Ningependa kukwambia kwamba nilibisha. Mimi niliyetaka risiti ya kila kitu sikuuliza swali hata moja. Alhamisi baada ya shule nilimfunga mpiga ngoma kwenye karatasi ya daftari la hesabu, nikachimba kwa kijiko kwenye pembe ya ua, chini ya shina la isale, nikamzika uso ukielekea chini ili lile jicho la shavuni lisione nyumba. Ijumaa asubuhi bibi aliita kwa sauti yake ya zamani, akasema ana njaa, anataka mtori. Nilimenya ndizi nikilia. Harufu ya ule mtori, nyama ikichemka na ndizi zikilainika, mpaka leo ni harufu ya mtu kunusurika.

Sasa tazama nilipokuwa. Kesho yake ni Jumamosi. Nikimfukua, bibi ataumwa tena, pengine safari hii hataamka. Nisipomfukua, nimemwibia rafiki yangu. Nilikaa siku nzima na hesabu hiyo.

Nilijua dawa moja tu. Bibi alikuwa akisema, "Anayeletewa isale hakatai." Kwao Machame ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, naye akiliona hana budi kusamehe, hata kama kosa ni la ardhi au la damu. Basi asubuhi ya Jumamosi nilikwanyua ncha ya isale kwa haraka, ikang'oka na kipande cha shina, na rafiki yangu alipofika na bati lake nikamnyooshea hata kabla hajakaa.

Akaipokea, akaigeuza. "Mahabusu wangu yuko wapi?"

"Amepotea."

"Mahabusu hapotei. Anatoroka au anauawa. Chagua."

"Amepotea tu."

Kisha akatazama lile isale mkononi mwake, akachukua kopo tupu la siagi, akajaza udongo, akachomeka jani humo, akaliweka kopo katikati ya uwanja. "Haya," akasema. "Angalau tuna msitu."

Haikunijia akilini kwamba kwao Waarusha jani lile halikuwa na maneno hayo. Nilidhani dunia nzima inajua. Nilidhani ameelewa ombi langu, ameliangalia, na amekataa, jambo ambalo bibi alisema haliwezekani. Kwa hiyo kosa langu lilikuwa kubwa kuliko damu! Tulicheza siku hiyo, na Jumamosi kadhaa baadaye, lakini sheria ya mahabusu aliifuta bila kutangaza. Nikishinda, alikuwa anafunga bati na kusema mama anamwita. Ule mkono uliokuwa unanikabidhi watu kama mayai haukunyooka tena. Mwisho wa muhula mama yake alipata kiwanja Terrat, wakahama na mbuzi wao, bati lao, na lile kopo la siagi juu ya mizigo. Nililiona likitikisika mpaka gari lilipokata kona.

Hivyo ndivyo nilivyorudi Sekei wiki hii, mtu mzima mwenye shahada. Kibaraza chekundu kimevunjwa, kimewekwa vigae. Kinu kimepasuka, kinatumika kunyweshea kuku. Bibi analala kitanda kilekile. Kiharusi kilimpiga mwaka jana, upande wa kushoto umelegea, na akiongea mdomo unashuka kidogo. Na kifua kimeanza tena kumsumbua. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaniitikia na kunishika kidole kimoja, hakukiachia.

Fundi alianza kung'oa masale upande wa barabara. Siku ya kwanza nikamwambia pembe ile aiache kwanza. Siku ya pili na ya tatu nikamwambia vivyo hivyo.

"Bosi," akasema akiegemea sururu, "kuna maiti hapo?"

Nikacheka. Kicheko kilitoka kibaya. Baba mdogo akaniangalia. Ndani, bibi akakohoa. Ningemwelezaje fundi? Kwamba ninaamini vidonge na sindano vilimponya, naweza kuapa kwa hilo, ila sitaki kulijaribu kwa bibi yangu?

Leo asubuhi nimechimba mwenyewe. Karatasi ya hesabu ilishageuka udongo. Yeye hakuwa ameoza hata chembe. Joho limepauka, pembe moja imepinda, lakini jicho lilikuwa palepale shavuni, jeusi, linaniangalia.

"Umepata nini?" Bibi aliniona kupitia dirisha.

"Mwanasesere tu, bibi."

"Leta nimwone."

Ndugu yangu, kutoka pembe ya ua hadi kitandani kwa bibi ni hatua kama ishirini, na sijawahi kutembea mbali zaidi ya hapo. Alinyoosha mkono wake mzima. Sikumpa. Akaendelea kuunyoosha. Nikampa.

Alimfuta kwa pindo la kanga. Akamleta karibu na uso. "Maskini," akasema, "huyu naye kiharusi kimempiga. Tazama jicho lilivyomshuka." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na mimi nikakaa sakafuni, nikamweleza yote: mahabusu, pembe, Alhamisi, mtori, isale. Alisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani amelala.

"Ulimpa isale ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

"Isale bila maneno ni chakula cha mbuzi," akasema. "Mpigie."

Jirani wa maombi, ambaye sasa anatembelea mkongojo na hakumbuki chochote, ndiye aliyekuwa na namba. Rafiki yangu ana duka la dawa za mifugo huko Terrat. Nilijitambulisha. Kisha:

"Wewe Mchaga! Mahabusu wangu amemaliza kifungo?"

Nilimtazama mpiga ngoma mkononi mwa bibi.

"Halo? Au kafia gerezani?"

"Yupo hai," nikasema. "Ninaye hapa."

Alipiga yowe, akamwambia mtu dukani asubiri. Bati bado analo, akasema, wanawe wametafuna mikuki yote. Nikamwuliza kama anakumbuka lile jani.

"Ule msitu? Mama aliuchomeka nje ya zizi, ukashika. Tumekata, tumechomeka, tumekata. Sasa ni ua mzima. Mbuzi hawali, Mungu saidia."

Nikaangalia nje. Fundi alikuwa amefika kwenye shina la mwisho, analikata mizizi. Miaka yote ombi langu limekuwa linaota Terrat, limezunguka mbuzi wa watu, na hakuna aliyejua kwamba ni ombi.

"Halikuwa msitu," nikasema.

"Lilikuwa nini?"

Nikamwambia. Nilisema kwa maneno, moja baada ya jingine, kama tulivyokuwa tunapima kwa kamba ya kiatu. Upande wa pili nilisikia mbuzi, na mteja akiuliza bei ya kitu, na hakuna aliyemjibu.

"Mlete Jumamosi," akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na uje na maelezo yako yote, nitayabishia."

Leo ni Alhamisi. Ua haupo; kuna mtaro wa msingi, na kutoka kitandani bibi anaona barabara ambayo hajawahi kuiona akiwa amelala. Mpiga ngoma amemsimamisha kwenye kigoda, kati ya vidonge na kitabu cha nyimbo, akiiangalia nyumba. Nimemwomba nimweke mfukoni mwangu, amekataa, anasema anampenda. Kila akikohoa ninamtazama bibi, kisha ninamtazama yeye, kisha ninajikumbusha niliyosoma. Kabla ya Jumamosi kuna Ijumaa moja nzima, na tayari nimemenya ndizi za mtori.