Neno Nililoliruka Nikimfasiria Mama

Muuguzi alizungumza Kiswahili, nami nikamgeuzia mama kwa Kinyaturu, kwa kuwa Kiswahili cha mnadani anakijua vizuri lakini cha wodini kinampita. Saratani ya titi lake, alieleza muuguzi, ni chembe za mwili zinazojigawa pasipo kikomo. Dawa ya dripu huzishambulia chembe zinazojigawa upesi, wala haichagui mbaya na nzuri. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, mdomo hutoka vidonda, tumbo huchafuka, na kinga ya mwili hushuka kiasi kwamba kwa homa yoyote lazima mgonjwa awahishwe hospitali. Hayo yote niliyafasiri kwa uaminifu. Kisha akasema kuwa dawa yenyewe ni nyekundu, hivyo mkojo nao utakuwa mwekundu siku moja au mbili.

Hapo nilisita. Kwetu mtoto wa kiume hamtajii mama yake mkojo. Nikamwambia tu anywe maji mengi.

"Ameelewa?" muuguzi akauliza.

"Ameelewa."

Baada ya dozi ya kwanza tulirudi kwetu Mtinko. Siku tatu kabla ya dozi ya pili, mama alisema haendi tena. Daktari alikuwa ametuonya kwamba kukatisha matibabu ni kuupa uvimbe nafasi ya kukua upya, kwa hiyo niliogopa. Nilidhani kichefuchefu ndicho kilichomchosha. Nikamweleza upya habari za chembe, hatua kwa hatua, kama nilivyozoea kufundisha darasani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza, baba? Siendi."

Mdogo wangu wa kike, anayemuuguza, ndiye aliyeniita kando ya zizi.

"Kaka, mama alikojoa damu. Siku ile ya dripu, na kesho yake. Alinikataza nisikwambie, wewe ni mwanaume. Anasema dawa imempasua ndani, ya pili itamaliza."

Niliingia ndani, nikaketi mbele ya mama, nikalitamka neno lile kwa lugha yetu huku nikitazama sakafu. Haikuwa damu, nilimwambia. Ilikuwa rangi ya dawa ikitoka mwilini. Muuguzi alilisema, mimi nikaliruka.

"Alisema?"

"Alisema, mama."

"Wewe ukaona aibu."

"Ndiyo."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mkojo wako nimeufua mimi, nguo kwa nguo. Wangu ndio unakushinda, na elimu yote hiyo? Na mimi nimeshawaaga mbuzi nikijua nakufa, mwanangu."

Sikumbuki kama niliwahi kukaripiwa nikafurahi namna ile.

Akamwagiza mdogo wangu amtolee kitenge cha safari, akaongeza kwamba safari hii atakayefasiri ni huyo binti yake. Tulipanda basi watatu. Wodini, muuguzi alipoanza maelezo, nilitoka bila kuambiwa, nikaketi kwenye benchi la nje. Baada ya muda mdogo wangu alichungulia mlangoni.

"Dripu imeshaanza," alisema. "Anauliza kama umeshakula."