Jiko Lililoshindwa na Bukari

Maendeleo endelevu yalifika kwetu Naviundu ndani ya boksi la katoni. Lilikuwa jiko dogo, jepesi, linalometa, la kuokoa misitu kwa kula kidogo makala, yaani makaa. Watu wa mradi waligawa majiko hayo mtaani, kisha wakatangaza kwamba bomba la maji litawekwa mbele ya nyumba itakayotumia jiko lake vizuri kuliko zote. Mama, aliyekuwa akibeba bidoni za maji toka kisima cha mbali tangu sijazaliwa, aliipa mbabula, jiko lake la zamani la chuma, likizo siku hiyo hiyo.

Hakuna aliyemwuliza mvumbuzi wa jiko kama amewahi kusonga bukari. Ugali wetu huo ni mieleka: unga unakaza, mwiko unalia, mpishi anaegemeza mwili mzima. Jiko lile lilizaliwa kwa ajili ya supu. Jioni ya kwanza lilipiga magoti katikati ya pambano, bukari ikamwagika uani. Kuku walikula maendeleo kabla yetu.

Mama hakulaani. Alichimba udongo wa kichuguu, ule tunaofyatulia matofali, akalizika jiko mpaka shingoni, akaacha tundu la hewa tu. Halikutikisika tena. Na gunia la makala, nakiri, lilianza kudumu.

Wageni walipokuja kukagua, bwana mwenye kofia ya mradi alikizunguka kile kilima cha udongo kwa huzuni ya mfiwa. Alieleza kwa Kifaransa kirefu kwamba jiko limeundwa ili lihamishike.

"Ihamie wapi, papa?" mama akamwuliza. "Bukari iko inapikwa hapa."

Bomba alipewa mama jirani wa ng'ambo ya barabara. Jiko lake halikuwa na hata alama ya moshi, wakalipiga picha pande zote. Moshi ungetoka wapi? Hakuwahi kuliwasha, alilikalia akichambua majani ya sombe.

Mimi nilikasirika kwa niaba ya misitu yote ya Katanga. Mama alichukua bidoni, akavuka barabara. Jirani alikuwa ameketi juu ya jiko lake kando ya bomba, akisimamia foleni kama waziri.

"Mama, simama kidogo," mama alimwambia. "Nikuonyeshe fasi ya kutia makala."

Jirani alicheka mpaka akashindwa kuinuka, kisha akampisha achote kabla ya wote. Jioni ile bukari yetu ilisongwa kwa maji ya bomba, juu ya jiko lililofeli.