Pointi Thelathini na Moja

Mpaka leo nikisikia mtu anataja thelathini na moja, hata kama ni tarehe tu, masikio yananiwaka moto, na mkicheka basi mcheke mkijua kwamba mimi mwenyewe nilishajicheka kabla yenu.

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu pale mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, bila kujua naenda wapi (ndivyo nilivyo, miguu ikiniwasha naondoka), nikavaa shati jeupe kwa sababu ndilo pekee lililokuwa limekauka katika mvua zile za Januari, nikapanda bodaboda ya kwanza iliyosimama, na dereva aliponiuliza wapi nikamwambia huko huko unakokwenda. Alikuwa anakwenda kijiji cha Masukulu.

Akanishusha kwenye nyumba moja katikati ya migomba. Uani nikawakuta bibi mmoja na jirani yake, Mama Neema, wanakigeuzageuza kisimu cha tochi kama kina mlango wamekosa ufunguo wake. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, na kisimu kile hakiwezi kuyafungua. Tumpe, mjukuu wa bibi, na Neema walimaliza pamoja shule ya wasichana ya kata, ile inayopokea kila binti bila kuchagua, na siku hiyo walikuwa kwenye kibarua cha kuchuma chai. Namba zao za mtihani waliziacha ukutani, zimeandikwa kwa mkaa.

"Mwalimu, tusaidie," bibi akaniambia, macho kwenye shati langu.

Hapo ndipo nilipaswa kusema mimi si mwalimu, niliishia kidato cha pili. Sikusema (jina lile lilinikaa vizuri mno). Nikatoa simu yangu, ambayo nusu ya kioo ina doa jeusi tangu ilipoanguka, na nilichoweza kuona ni namba na pointi tu, mengine yote yamemezwa na doa. Neema thelathini na moja, Tumpe kumi na mbili. Na mimi kuhusu mitihani nilijua jambo moja tu: mwenye nyingi ndiye kashinda.

"Neema kafaulu vizuri sana," nikatangaza. "Tumpe... pole, bibi. Ni kumi na mbili tu."

Mama Neema akapiga vigelegele, bibi akakaa chini. Mjomba wake Tumpe, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake akisubiri jibu hilo tu, akasimama wima.

"Mama, si nilikwambia? Shule inayobeba kila mtu itatoa nini? Tulikubaliana, akifeli, kesho naondoka naye, akachume chai moja kwa moja." Akaingia ndani, akatoka na begi la Tumpe, akalifunga kwenye pikipiki.

Ningeondoka wakati ule aibu ingekuwa ndogo, lakini Mama Neema alishachinja jogoo, majirani wakajaa, wakanikalisha kwenye kiti chenye mto, na nyama ilipoiva wakasema mwalimu atoe neno, nami nikasimama na paja la kuku mkononi nikahutubia kuhusu bidii, na (Mungu anisamehe) nikamtolea mfano Tumpe.

"Thelathini na moja ndiyo bidii. Kumi na mbili," nikasema kwa huruma, "ni mtoto ambaye hakufungua daftari."

"Nani ana kumi na mbili?"

Wasichana wawili walikuwa wamesimama nyuma ya watu, wamelowa, vikapu mgongoni.

"Tumpe," nikajibu. "Ni wewe? Usikate tamaa, mwanangu."

Tumpe akanitazama, akalitazama begi lake kwenye pikipiki, akatupa kikapu. "Bibi! Ni divisheni wani! Pointi zikiwa chache ndiyo umefaulu!" Akamrukia bibi, nusura waanguke wote wawili.

Watu wakanigeukia. Sikujua nilifiche wapi lile paja.

"Kwa hiyo thelathini na moja ni yangu?" Neema akauliza taratibu, halafu akaangua kicheko. "Mama, umechinja jogoo kwa divisheni foo!"

"Foo si ziro," mama yake akajikaza. "Jogoo hafufuki, kuleni. Na wewe utakwenda kujifunza cherehani uliyokuwa unaililia."

Mjomba akalifungua begi, akalirudisha ndani.

Mimi nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea barabarani, bibi akanidaka mkono wa shati. "Gwe," akaniita kwa Kinyakyusa, "wewe ni mwalimu wa wapi?"

"Si mwalimu, bibi. Niliacha kidato cha pili."

"Na hilo paja la kuku?"

Mvua ikaanza upya. "Boda hupati sasa," akasema. "Utalala kwenye kitanda cha huyu mjomba, yeye atalala chini, maana leo nyie wawili mmenikondesha. Lakini kwanza Tumpe akufundishe kuhesabu."

Akanifundisha kweli, bila huruma, Neema akishangilia kila nikikosea. Tangu hapo nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, na shati jeupe sisafiri nalo tena. Ila kitanda kilikuwa kizuri, na kupitia ukuta nilimsikia bibi akiuliza, "Ulipata ngapi vile?" na Tumpe akijibu kumi na mbili, bibi anacheka, kisha anauliza tena.