Nilianika Jina la Dada Yangu Marehemu

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijajitetea, maana najijua: nikipewa nafasi nitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mwisho mtanihurumia. Msinihurumie kwanza. Sikilizeni.

Mimi ni fundi wa simu huku Mweso. Nilisoma mambo ya kompyuta Goma miaka miwili, kisha nikarudi nikafungua kibanda kando ya barabara ya Kitshanga. Kioo kimepasuka, chaji haiingii, mtu amesahau namba yake ya siri, wote wanakuja kwangu. Hiyo ndiyo kazi yangu inayojulikana. Nilikuwa na nyingine ambayo hata mama yangu hakuijua.

Nilikuwa mdukuzi. Kundi letu lilijiita Macho ya Kilima, na ndani yake hatukujuana kwa sura wala kwa majina. Kiongozi alijiita Kimulimuli. Hadi leo sijui kama yuko Goma, Ulaya, au nyumba ya pili kutoka kwangu. Tuliingia kwenye simu na barua pepe za wakubwa, tukatoa uchafu wao, tukauanika mtandaoni kila mtu auone.

Na jamani, tulifanya mema! Hapo siwezi kudanganya. Wabebaji wa Rubaya, wale wanaoshuka na mizigo ya madini ya koltani mgongoni, walikuwa wanasimamishwa kwenye kizuizi kimoja na kulazimishwa kutoa kitu kila wakipita. Tulipata barua ya mkubwa aliyekiweka kwa faida yake mwenyewe. Tukaianika. Wiki haikuisha, ile kamba iliyofunga njia ikaondolewa. Wateja wangu wakawa wanasema, "Macho ya Kilima njo batu! Bale habaogopake muntu!" Yaani ndio watu kweli, hawamwogopi mtu. Mimi nimeinama na bisibisi, nacheka peke yangu. Kichwa kilivimba, wacha tu!

Sasa sikieni nilivyoharibu.

Alhamisi moja Papa Mathias, kwetu papa ni baba, alileta simu yake. Huyu ni katekista, tena alikuwa sekretari wa kamati ya orodha, ile orodha ya familia zinazopewa chakula cha msaada, wakimbizi pamoja na wenyeji wanaowapokea. Kioo kilikuwa kimevunjika vibaya.

"Mutoto yangu, kioo ya Goma itafika lini?"

"Siku mbili, Papa. Uniachie na code, nitajaribisha kama inagusika muzuri."

Akanitajia namba bila hata kupunguza sauti. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akimwachia fundi simu, anamwachia na siri yake, na sijawahi kuona mteja anayekataa.

Nikaifungua. Siyo kwa ajili ya kioo! Nilikuwa nimesikia minong'ono kwamba kamati inakula chakula cha wenye shida, nikataka kuona kwa macho yangu. Kwenye picha nikakuta kurasa za daftari, mwandiko wa Papa Mathias wenyewe, umenyooka vizuri. Nikasoma jina baada ya jina, nikafika kwa Furaha.

Furaha ni dada yangu. Alikufa na tulimzika. Mimi mwenyewe nilishika sepetu, mimi nilipigilia msalaba wenye jina lake. Na sasa jina lake, likifuatwa na la baba yetu, liko kwenye orodha ya wanaopokea maharage na mafuta!

Nikatafuta zaidi. Nilikuta majina tisa ya marehemu, watu ambao misalaba yao naijua pale makaburini parokiani. Na pembeni ya kila marehemu, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la mtu mwingine, mahali alikotoka, na kijiji anakokaa. Pembeni ya Furaha paliandikwa: Zawadi, Itebero, kisha jina la kijiji cha mama yangu, kule juu kilimani.

Nikadhani nimeelewa. Hawa ndio wezi! Wanapokea kwa majina ya wafu, na Papa Mathias anawaandika pembeni ili asisahau wa kugawana nao! Mtu anakula kwa jina la dada yangu!

Nikampelekea Kimulimuli zile picha. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe ndiye mtu wa huko. Una uhakika?"

Nikamjibu, "Asilimia mia."

Kitu kimoja kingeniokoa: kupanda kwa mama nikamuulize. Ni mwendo wa saa mbili. Lakini ningemuulizaje bila kusema nimeyaona wapi? Ukishakuwa mtu asiye na jina huwezi kumuuliza mtu kitu, maana ukiuliza umejitaja. Basi nikanyamaza. Jumamosi asubuhi nikaanika kurasa zote, majina yote, na juu nikaandika kwa herufi kubwa: HAWA NDIO WANAOKULA KWA MAJINA YA WAFU.

Watu walivyochachamaa! Mmoja akaandika, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mwingine akatuombea baraka. Vijana wakamfuata Papa Mathias hadi nyumbani kwake wakamrushia mawe. Nilisikia, na nikasema moyoni, acha aonje. Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

Jumanne nikapanda kwa mama. Mnajua nilienda kufanya nini? Kujisifu! Sikutaka kumwambia kwamba ni mimi, nilitaka tu nimpelekee habari, nimwone akifurahi kwamba mwizi wa bintiye amepatikana. Nilibeba sabuni na sukari.

Nilimkuta jikoni. Mchana ule, na moto haukuwashwa. Juu ya kigoda mbele yake kulikuwa na kadi ya mpiga kura.

"Mama, ulisikia habari? Kuna muntu alikuwa anakula na jina ya Furaha yetu!"

Hakunitazama. "Ninajua. Ni miye nilimupa ile jina."

Nikaiweka sukari yangu chini.

"Ule mama alikuwa mukunga kule Itebero," mama akasema. "Alitorosha binti moya, batu ba silaha balikuwa bamemukamata. Tangu ile siku banamutafuta. Akafika hapa, miguu yote imevimba. Ningemufukuza? Nikamupa kadi ya Furaha. Nikamuambia, tangu leo weye njo mutoto yangu."

Nyinyi wa mbali labda hamjui. Kwetu kadi ya kura ndiyo kitambulisho. Bila hiyo hupiti kizuizi wala huandikwi popote. Kumbe akina mama wa kule juu walikuwa na njia yao: aliyefiwa alimpa aliyekimbia kadi ya marehemu wake, amfunike nayo. Papa Mathias alijua, akanyamaza. Na yale majina ya herufi ndogo? Mama aliniambia. Papa Mathias aliyaandika ili mmoja wao akifa ugenini, azikwe kwa jina lake la kweli, na ndugu zake wajue pa kumlilia.

Na mimi nilikuwa nimeshamwona huyo Zawadi! Siku ya Pasaka nilipopanda kidogo, alipika sombe, yale majani ya muhogo. Mama akasema, "Huyu iko dada yako." Nikadhani ni heshima tu, sisi wote tunaitana dada na kaka. Sikumuuliza jina wala anatoka wapi, nilikuwa na simu yangu mkononi nasoma watu wanavyotusifu. Yeye akanicheka: "Kaka, ile simu njo inakutafuniaka chakula?" Tukacheka wote watatu.

"Mama, iko wapi sasa?"

Akanisimulia. Jana yake, Jumatatu, walikuja wanaume wawili na pikipiki. Waliuliza Zawadi wa Itebero, mmoja anasoma jina kwenye simu. Zawadi alikuwa shambani kwenye maharage, akasikia sauti zao kwa jirani. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akaweka kadi juu ya kigoda, akamwambia mama: "Bakiikuta ku miye, batachoma nyumba yako." Kisha akatoka. Hakwenda msituni, ambako angeweza kujificha. Alishuka barabarani mwenyewe, mchana kweupe, ili wamfuate yeye na wasiingie ndani kwa mama yangu.

Walimkamatia mtoni. Watoto waliokuwa wanachota maji walirudi na kitambaa chake cha kichwa. Hadi leo hatujasikia yuko hai au amekufa.

Nilitaka kukimbia. Nikasema, "Mama, ni miye."

"Weye nini?"

"Ni miye niliweka yale majina ku mutandao."

Mama hakupiga kelele. Afadhali angenipiga! Aliichukua ile kadi, akaipangusa na kitenge chake, polepole, pande zote mbili.

"Furaha alikufa na malaria, nikasema ni Mungu," akasema. "Huyu wa pili nitasema ni nani?"

Nikainama kwenye mafiga niwashe moto.

Baadaye kidogo akaongeza, kwa sauti ya chini kabisa: "Ungepanda tu, mutoto yangu. Ungeniuliza."

Wale wanane wengine waliondoka na watoto wao ndani ya siku mbili. Wengine waliacha vyungu vikiwa motoni. Hakuna anayejua walielekea wapi, na safari hii hawana hata jina la kujifunika.

Papa Mathias alikuja kuchukua simu, kichwa kimefungwa kitambaa. Aligusa kioo, akakitazama, akasema, "Iko muzuri, asante fundi." Akafika mlangoni, akageuka. "Ile code nitabadirisha." Ni sisi wawili tu tuliokuwa tunaijua, basi anajua ni mimi. Tunapokutana barabarani ananisalimia, na salamu yake inaniuma kuliko mawe aliyopigwa.

Nilimwandikia Kimulimuli kila kitu. Alifuta zile kurasa siku hiyohiyo, lakini maji yakimwagika hayazoleki, zilikuwa tayari kwenye simu za watu wote. Akaandika, "Pole sana, ndugu. Hatukujua." Wiki iliyofuata akaniuliza kama nina kitu kingine cha kuanika. Nikatoka kwenye kundi.

Hatukujua! Wao hawakujua. Mimi nilikuwa na mama.

Najua mtaniuliza kama basi wadukuzi wote ni wabaya. Siwezi kusema hivyo. Wabebaji wa Rubaya wanapita bure hadi leo, na wala hawajui wamshukuru nani. Mara nyingine nikilala nawaweka wale upande mmoja, Zawadi upande mwingine, nijaribu kupima. Sipimi mpaka mwisho. Kinachonikera ni hiki: yule mkubwa wa kizuizi alificha barua ili aibe, hawa walificha majina ili waishi, na mimi niliyejifanya macho ya kilima sikuona tofauti.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii, mnaojua kufungua kila mlango, nawasihi! Kabla hujafunua kitu, tafuta mtu mmoja anayekijua, umuulize uso kwa uso. Ukiona huwezi kuuliza kwa sababu unaogopa kujulikana, basi acha, usianike. Na nyinyi mafundi wenzangu, simu ya mtu ukishafunga kioo, mrudishie. Ya ndani siyo yako.

Majina yote humu nimeyabadilisha, hata la dada yangu na la mji wangu. Langu nilitaka kuliandika hapa chini, lile la ubatizo, nimechoka kujificha. Nikapanda kwa mama nimsomee kwanza, maana sasa nauliza. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Jina yako itabaleta bale batu huku tena," akasema. "Na Zawadi akirudi, atakuta nyumba gani?"

Kadi ya Furaha iko chini ya godoro la mama, ameifunga kwenye nailoni isiingie maji. Anamngoja. Basi sikuandika jina.