Vipande Vitatu vya Motopompe

Asubuhi hiyo nilitoka nyumbani, mtaani kwetu Buyenzi, kutafuta mkate. Sikuwa na safari. Vita ilikuwa haijaisha na hakuna aliyekwenda mbali bila sababu. Lakini kando ya gereji nilimkuta fundi mmoja Mwislamu wa mtaa wetu akibishana na mama mmoja Mkongo juu ya motopompe, na mimi tangu nilipoacha shule sijawahi kupita ugomvi bila kuuliza.

Walikuwa wanakwenda Mabayi, kaskazini, kulikokimbiliwa dhahabu. Mashimo yalikuwa yamejaa maji, na wenye mashimo waliwapokea wageni wenye mashine ya kuyavuta. Wasio nayo walirudishwa. Mashine ilikuwa ya mama, ufundi ulikuwa wa fundi. Hawakuaminiana hata kidogo, kwa hiyo waliigawa: mama abebe injini, fundi abebe bujii, ile plagi ya kuwasha moto, na mtu wa tatu abebe mpira wa maji. Mtu huyo wa tatu aliogopa barabara, hakutokea.

"We mudogo," mama akaniita, "huyu fundi ni rafiki yako?"

"Apana. Namuona tu njiani."

"Na mi, unanijua?"

"Apana, mama."

"Basi unafaa. Wawili wakijuana, mi nitarudi mikono mitupu."

Akanitupia mpira wa maji begani, nikapanda nao lori la kreti tupu za bia bila hata kuaga nyumbani. Tulipopita Gasenyi na kujiunga na msafara uliosindikizwa na askari, nilikuwa nimekwisha kuona kwamba fundi hampi mtu mgongo. Mama naye, kila nilipoinama, aligusa mpira wangu kwa mguu ahakikishe bado upo. Nilianza kujiuliza wangenifanya nini wakishafika.

Kwenye kizuizi cha askari tuliteremshwa. Kundi la watu wasio na kazi inayoeleweka lilitiliwa shaka upesi siku hizo, ndiyo maana fundi akasema yuko peke yake. Mama akasema vilevile. Nami nikafuata. Askari akatazama injini, akatazama mpira, akamvua fundi kofia na bujii ikaanguka chini.

"Nyinyi hamujuani," alisema, "lakini mashine yenu inajuana. Iunganisheni. Isipowaka, mutanieleza mumeiiba wapi."

Fundi akafunga bujii, mama akamshikia spana. Mashine iliwaka. Tukaamriwa kukausha handaki lao lililojaa maji ya mvua, na tulipofika kwenye matope wakatuachia. Msafara mzima ulikuwa ukitusubiri, na abiria wengine walitutazama kama watu wabaya.

Baada ya hapo mambo yakawa mabaya zaidi, kwa kuwa sasa sote tulijua bujii hukaa wapi. Fundi akaihamisha.

"Umeificha wapi?" mama akauliza.

"Mahali mama wa watu hatafuti."

"Mi nimezaa saba, fundi. Hakuna mahali siwezi kutafuta."

Tulifika Mabayi jua lingalipo. Mwenye nyumba ya wageni, mwanamke mnene mwenye funguo kiunoni, alikuwa na vyumba viwili: kimoja cha mama, kimoja chetu sisi wanaume.

"Apana," mama akasema. "Hawa wawili hawalali pamoja. Tutalala wote chumba kimoja."

"Hapa si nyumba ya namna hiyo!"

"Astaghfirullah," akasema fundi, akaangalia ukuta.

Walibishana mpaka mwenye nyumba akachoka. Mama akapewa chumba, akaburuta injini ndani na kusukuma komeo. Mimi nikapewa cha pili. Fundi akatandika mkeka wake kwenye korido, katikati ya milango yetu.

Nilikuwa sijavua viatu aliponong'ona, "Mudogo, mpira unao?"

"Ninao."

Sauti ya mama ikapenya ukutani: "Nani anaongea na nani?"